Tuliweka pingamizi, gazeti likaandika tumeandamana

Ndugu Mhariri,

Naandika kwa sababu ya neno moja mlilolitumia juu ya kijiji chetu hapa Rungwe, na kwa sababu neno hilo limewafanya watu wazima walale nje ya nyumba zao.

Mimi ni mama wa miaka 64. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 27 mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu kama yalivyotoka vinywani mwao, na kuyasoma tena mbele yao kabla hawajaweka sahihi. Gazeti lenu nalisoma kila linapofika Tukuyu na mabasi ya kutoka Mbeya, dukani kwa mpwa wangu karibu na stendi. Nawaandikia kama msomaji wenu wa siku nyingi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, aya nne, ukurasa wa ndani. Kichwa kilisema wanakijiji wameandamana kupinga upimaji wa ardhi. Ndani mkaongeza kwamba wamegoma, na mwisho kwamba wamelalamika vikali. Kati ya yote hayo, neno lililokuwa kweli ni kupinga peke yake.

Lililotokea ni hili. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Lilisema bonde lililo chini ya shule, ambako wengi wetu tuna migomba na magimbi, litapimwa kwa matumizi mengine, na mwenye pingamizi awasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Jumapili baada ya ibada tulikaa kwenye baraza la shule maana mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa 43. Mimi nikaandika barua, nikaisoma kwa sauti mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kinyakyusa, kisha kila mtu akaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Jumatatu asubuhi mimi na mama mmoja jirani tukaipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Akaisoma, akaigonga muhuri, akatupa nakala, tukarudi nyumbani kupika.

Siku mbili baada ya habari yenu kutoka, gari la polisi likaingia kijijini. Vijana wale hawakumgusa mtu wala hawakumtukana mtu. Walitaka kujua nani aliyeongoza maandamano, kwa maana sheria inataka polisi wapewe taarifa si chini ya saa 48 kabla ya kuandamana, na wao hawakupewa. Wangepewaje taarifa ya jambo ambalo halikuwepo? Nilitoa nakala yangu yenye muhuri, wakaiangalia, wakaondoka. Lakini tayari mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, aliyeweka dole gumba, alikwisha kuvaa koti lake akaenda kwa binti yake Kiwira, akakaa huko siku tatu. Watu wanne walinijia kunisihi niyafute majina yao kwenye barua. Majina hayo hayafutiki, barua iko ofisini, na hakuna kosa ndani yake la kumfanya mtu atake kufutwa.

Nilimtafuta mwandishi wenu kwa simu. Alinipokea kwa heshima, akaniamkia, akanieleza bila kuficha. Alisema taarifa aliipata kwa Kiingereza kutoka kwa mtu mwingine, na ndani yake lilikuwamo neno protest. Akaniuliza, "Mama, si ndiyo maandamano?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba hili si kosa la kijana mmoja. Protest limegeuka kuwa maandamano katika magazeti yote na redio zote, kama vile Kiingereza kina neno moja na Kiswahili nacho kina neno moja la kulilipia. Sivyo kule, wala sivyo huku.

Neno hilo la Kiingereza lilitoka kwenye Kilatini, na ndani yake kuna neno la shahidi. Maana yake ya mwanzo ilikuwa kutamka jambo hadharani, mbele ya mashahidi. Mwezi wa Aprili 1529, katika mji wa Speyer huko Ujerumani, wakuu sita waliofuata mafundisho ya Martin Luther, aliyetaka kanisa lirekebishwe, pamoja na miji 14, walipinga uamuzi wa baraza la dola uliofuta ruhusa waliyopewa 1526 ya kuamua wenyewe mambo ya dini katika maeneo yao. Hawakushika mawe wala hawakujaza barabara. Waliandika pingamizi lao na kuliwasilisha, na kutokana na maandishi hayo watu wakaanza kuitwa Waprotestanti. Sisi Wamoravian wa hapa, ambao wamisionari wetu walifika Rungwe 1891, asili yetu ni ya kale zaidi, inakwenda mpaka kwa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto 1415, lakini jina hilo limetukusanya na sisi. Kwa hiyo mtu akiniuliza protest ya asili kabisa inafananaje, nitamwambia inafanana na barua ya kwetu yenye sahihi 43 na muhuri juu yake.

Sasa neno andamana. Mama yeyote anayejua Kiswahili anajua kwamba kuandama ni kufuata. Mwezi ukionekana tunasema umeandama. Watu wakiandamana, wanafuatana, basi. Tunaandamana kumsindikiza maiti makaburini, tunaandamana na bibi harusi, wafanyakazi wanaandamana Mei Mosi wakiwa na furaha na kofia mpya. Ndani ya neno hilo hakuna chuki wala kukataa. Limebandikwa maana ya kupinga kwa sababu mara nyingi wanaopinga hutoka barabarani wakafuatana. Vema, wakitoka barabarani, andikeni wameandamana. Wakikaa kwenye baraza la shule wakaandika barua, hakuna aliyemfuata mtu. Kuandamana ni jambo la miguu.

Kugoma nako si hivyo. Anayegoma ni mtu mwenye kazi au wajibu anaoutimiza kila siku, kisha akauacha kwa makusudi ili asikilizwe. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947, na mgomo wao ukapanda na reli mpaka bara. Mchuma chai akikaa chini na kikapu chake kikiwa kitupu, huyo amegoma. Mwanafunzi akigoma kula, amegoma. Lakini sisi tulikuwa tumeacha kazi gani? Asubuhi ile kila mtu alikuwa shambani kwake. Kuna pia kususa, ambako ni kujitoa kwa uchungu, kama mtoto anayesusa chakula, na kususia, kama chama kinaposusia uchaguzi. Hata hilo hatukulifanya. Tulikuwa tunaingia katika utaratibu wa tangazo. Hatukuwa tunautoroka.

Kukataa ni neno ninalolipenda kuliko yote, na magazeti yanaliogopa, nadhani kwa sababu ni jepesi mno. Pale Isyonje, juu ya Uporoto, ambako akina mama wanauza viazi kando ya barabara ya Mbeya, niliwahi kumwona mwanamke mmoja akisimama mbele ya mnunuzi aliyetaka gunia la lumbesa, lile linalojazwa mpaka juu na kushonewa kilemba. Mnunuzi alipiga kelele, akapunguza bei, akageuka kuondoka, akarudi. Yule mama alisema, "Nakataa," akaendelea kupanga viazi vyake. Hakubishana. Mnunuzi akanunua gunia la kawaida. Nikajiuliza gazeti lingeandikaje jambo lile. Lingesema mkulima agoma, au mkulima alalamikia lumbesa, na vyote viwili vingemshusha hadhi. Yeye alikataa, na neno lake lilitosha.

Kulalamika nako kumeonewa. Siku hizi mtu akisema fulani analalamika tunasikia mtu wa kulialia, asiye na hoja. Mahakamani si hivyo. Katika kesi ya jinai, aliyetendewa kosa ndiye mlalamikaji, na anayejibu ni mshtakiwa. Katika madai wapo mdai na mdaiwa. Rufaa ikikatwa wapo mrufani na mrufaniwa. Kila jina lina kiti chake, na ukikosea jina unamweka mtu kwenye kiti kisicho chake. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja akilia, amekuta tangazo la ndoa, na bwana anayetangazwa kuoa ni mume wake wa ndoa ya mke mmoja. Alisema, "Nimekuja kulalamika." Hakimu wetu, mtu mpole sana, akamwambia, "Mama, ukilalamika nitakusikiliza na utarudi nyumbani. Ukiweka pingamizi, ndoa itasimama mpaka pingamizi lisikilizwe." Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na siku hizo zipo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yule mama alifuta machozi, nikampa karatasi. Yalikuwa machozi yaleyale na habari ileile, lakini neno moja lingemrudisha mikono mitupu na jingine lilisimamisha harusi.

Niseme na kukana, maana hapa nami nilikaribia kukosea, na mpaka leo nikikumbuka moyo unashtuka. Mzee mmoja alidaiwa fedha za ng'ombe. Hakimu akamsomea dai, akamuuliza kama anakubali deni au anakataa. Mzee akasema, "Nakana." Nilikwisha kuinua kalamu niandike kwamba mdaiwa amekana deni. Mmoja wa wazee wa baraza akaomba ruhusa, akamuuliza kwa Kinyakyusa. Kumbe deni analikubali lote, mpaka shilingi ya mwisho. Alichokikataa ni kulilipa kabla hajauza mazao. Kwetu ukukaana ni kukataa. Kwa Kiswahili kukana ni kusema jambo halikuwepo, kama mshtakiwa anapokana shtaka na sisi tukaandika SI KWELI kwenye jalada. Maneno hayo mawili ni ndugu kabisa, yamezaliwa tumbo moja, lakini kama ningeliandika lile la Kiswahili kwa maana ya Kiswahili, yule mzee mwaminifu angeingia kwenye kumbukumbu za mahakama kama mwongo. Nilifuta, nikaandika upya, nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza ninapoona neno likitupwa tu kwenye ukurasa. Mwaka juzi nilisoma katika gazeti jingine habari ya mfungwa wa Marekani aliyeachiwa huru baada ya miaka mingi. Wameandika kwamba muda wote alipokuwa gerezani "alipinga kutokuwa na hatia". Nilisoma mara tatu. Mtu anayepinga kutokuwa na hatia ni mtu anayesema ninayo hatia! Nikatambua kwamba chini ya Kiswahili kile kulikuwa na protest. Waingereza wakitaka kusema mtu anapinga uamuzi huongeza neno la "dhidi ya" baada yake. Wamarekani mara nyingi hulitupa, wakasema moja kwa moja protest na uamuzi. Lakini protest ikifuatwa na neno la kutokuwa na hatia haina maana ya kupinga hata kidogo. Ni ile maana ya zamani, ya kutamka mbele ya mashahidi. Yule mfungwa alishikilia kwamba hana hatia. Alisisitiza. Aliapa. Mfasiri aliona umbo la sentensi linafanana na lile jingine, akamgeuza mtu aliyekuwa akijitetea miaka yote kuwa mtu aliyejishtaki mwenyewe.

Na Kiingereza chenyewe kina maneno mengine mengi jirani na hilo. Lipo moja ambalo mzizi wake ni kutupa kitu mbele ya mtu, na hilo ndilo mawakili husema wanaposimama kuzuia swali au kielelezo. Lipo jingine ambalo mzizi wake ni kukawia, la mtu anayesita bila kusema hapana moja kwa moja. Lipo la kunung'unika, lipo la kumkanya mtu kwa hoja. Mtu akilipa ushuru asioukubali lakini akaandika kwenye risiti kwamba haukubali, Waingereza wana namna ya kulisema kwa hilihili neno protest. Sisi tutasema amelipa huku akiweka pingamizi, na kila mtu ataelewa. Sitaki kuwachosha kwa yote. Mwenye kufasiri inabidi aulize kwanza watu walifanya nini hasa, kisha ndipo atafute neno, asianze na neno akawavalisha watu.

Nirudi kwenye kupinga, kwa kuwa ndilo neno letu katika habari hii. Kupinga ni kuweka kitu kikikata njia, kama gogo lililolala barabarani, mtu asipite mpaka liondolewe. Pingamizi ni gogo hilo katika maneno na katika sheria. Hakimu anapopokea kielelezo humgeukia upande wa pili na kuuliza, "Una pingamizi?" Anayesema analo hupewa nafasi ya kueleza, kisha hakimu huamua, kisha shauri linaendelea. Hakuna anayemkamata mtu kwa kusema analo. Wagombea huwekewa pingamizi, wosia huwekewa pingamizi, na mawakili wana pingamizi la awali ambalo husikilizwa kabla ya shauri lenyewe. Ni neno la watu wanaofuata sheria. Tangu 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na maneno haya hayapaswi tena kubaki masijala kwa makarani kama mimi. Yanatakiwa yafike magazetini yakiwa mazima. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967, na waandishi wanaweza kuiuliza. Wanaweza pia kumuuliza karani yeyote wa mahakama ya mwanzo iliyo karibu nao.

Kuna neno moja zaidi, ambalo ningependa mwandishi wenu kijana alifikirie. Kuteta ni kugombana kwa maneno, na sehemu nyingine ni kumsema mtu pembeni. Liongezeni kiambishi kidogo tu, liwe kutetea, na papo hapo limegeuka kuwa kumsimamia mtu. Ni ulimi uleule, umegeuzwa upande. Wale watu 43 walikuwa hawateti na mtu yeyote. Hawana ugomvi na mtendaji, na mtendaji hana ugomvi nao. Alituonyesha hata sehemu ya kuweka tarehe. Walikuwa wanatetea bonde lenye migomba ambalo wengine walirithi kwa babu zao, na walilitetea kwa njia ileile ambayo tangazo la serikali yao liliwaambia waitumie.

Naomba mambo mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza, mchapishe masahihisho, na myachapishe mahali ambapo habari ile ilikaa, kwa herufi zinazosomeka: kwamba wanakijiji hawakuandamana na hawakugoma, bali waliwasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliotangazwa, na likapokelewa kwa muhuri. Mkiandika hivyo nitaikata sehemu hiyo, nitampelekea yule mzee, na nitamsomea mwenyewe kwa Kinyakyusa, maana hadi sasa akisikia gari usiku anaamka.

La pili, pingamizi letu limepangiwa kusikilizwa Alhamisi ya wiki ya tatu mwezi ujao, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Mleteni yule yule kijana. Asiletewe taarifa na mtu, aje asikie kwa masikio yake. Kutoka stendi ya Tukuyu atapata bodaboda, na akifika aulize nyumba ya karani mstaafu. Chai ya hapahapa ipo, na nakala yenye muhuri nitamtolea aishike mkononi.

Karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo,
Tukuyu, Rungwe